Baiskeli au skuta: ipi ya kuamini msimu wa joto?

Nianze na jibu. Ikiwa njia yako ina mashimo, changarawe au viraka vya lami, chukua baiskeli. Ikiwa safari ni fupi, njia ni laini na kavu, na anayeendesha ni mtu mzima aliyekwisha kuizoea, skuta inatosha. Mtoto ana hesabu yake, nitamfikia. Lakini usiishie hapa, maana sababu za jibu hili ndizo zitakazokusaidia pale hali yako isipofanana na hizi mbili.

Skuta ninayoisema ni ile ya kusimama: ubao wa kukanyagia, bomba refu la usukani na magurudumu mawili madogo. Ipo ya kusukuma kwa mguu na ipo ya umeme. Zile pikipiki ndogo za kukalia zina mjadala wake. Upande wa baiskeli naziingiza zote mbili, ya kukanyaga tu na ile inayosaidiwa na mota. Nazilinganisha kwa msimu wa joto kwa sababu ndio wakati zinapotoka kwa wingi: shule zimefungwa, barabara zimekauka, jioni zinavutia, na aliyeiweka yake stoo miezi kadhaa anaipanda bila hata kuikagua.

Gurudumu ndilo linaloamua

Wengi wakilinganisha vyombo hivi huanzia kwenye mwendo. Mimi naanzia chini kabisa, pale gurudumu linapokutana na barabara. Gurudumu la baiskeli ya mtu mzima huwa na kipenyo cha kati ya sentimeta 65 na 75. La skuta nyingi za umeme ni sentimeta 20 hadi 25, na la skuta ya mtoto ya kusukuma ni dogo zaidi, tena mara nyingi ni la plastiki ngumu lisilojazwa upepo.

Sasa weka mbele yao ukingo wa shimo wenye kimo cha sentimeta 5, kitu cha kawaida kabisa barabarani. Kwenye baiskeli yenye gurudumu la sentimeta 70, ukingo huo unafika sehemu moja tu ya saba ya kimo cha ekseli, yaani kitovu cha gurudumu. Gurudumu linapanda, unashtuka, mikono inatikisika, safari inaendelea. Kwenye skuta yenye gurudumu la sentimeta 22, ukingo ule ule unafika karibu nusu ya kimo cha ekseli. Gurudumu halipandi, linagota. Na wewe uliyesimama juu ya ubao, uzito wako wote ukiwa juu na magurudumu yamekaribiana, unaendelea mbele kwa kasi uliyokuja nayo. Mikono inatangulia chini, uso unafuata.

Si hofu ya kufikirika. Mwaka 2018 idara ya afya ya mji wa Austin, Marekani, ikishirikiana na kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, iliwafuatilia watu walioumia wakiwa kwenye skuta za umeme. Karibu nusu ya waliohojiwa walisema hali ya barabara, kama shimo au ufa, ilichangia kuanguka kwao. Theluthi moja waliumia katika safari yao ya kwanza kabisa. Hilo la pili litazame kwa makini kuliko yote, nami nitalirudia.

Baiskeli nayo ina mitego yake. Tairi jembamba huzama kwenye mifuniko ya mitaro yenye nafasi zinazofuata uelekeo wa barabara, na kwenye reli zilizolazwa ndani ya lami. Hizo zote zivuke kwa kuzikata, usizifuate kwa urefu wake. Tena mwendesha baiskeli yuko katikati ya fremu, hivyo akiyumba hawezi kuruka na kuiacha kirahisi. Hapo skuta ya kusukuma ina sifa yake: kwa mwendo wa mtu anayetembea, unashusha mguu tu na hatari imekwisha. Sifa hiyo hupotea mara mwendo unapoongezeka, na ukishafika kilometa 20 kwa saa hakuna mguu wa kushusha.

Kusimama na kuonekana

Kilometa 25 kwa saa ni karibu mita 7 kila sekunde. Mtoto akichomoka kati ya magari yaliyoegeshwa, ukachukua sekunde moja kushtuka na kushika breki, umekwisha kula mita 7 kabla breki haijafanya kazi yoyote. Kwa kilometa 15 ni mita 4 na kidogo. Nguvu ya kugonga nayo haipandi sambamba na mwendo: kwa 25 ni karibu mara tatu ya ile ya 15. Ndiyo maana nchi nyingi zimeuwekea mwendo kikomo. Ujerumani iliporuhusu skuta za umeme barabarani mwaka 2019 iliweka kilometa 20 kwa saa, Ufaransa ni 25, na katika Umoja wa Ulaya mota ya baiskeli ya kawaida ya umeme hukoma kusaidia ikifika 25. Ulizia sheria ya mahali ulipo kabla ya kulipa, kwa sababu kuna vyombo dukani vinavyopita viwango hivyo kwa mbali sana.

Baiskeli nzuri ina breki mbili, moja kwa kila mkono, na kiti kinachokuwezesha kusogeza mwili nyuma unapozibana. Skuta ya kusukuma mara nyingi ina breki moja tu, ile ya kukanyaga madigadi ya nyuma, kifuniko cha juu ya gurudumu, nayo huteleza ikilowa. Za umeme zinatofautiana mno. Ukinunua, kataa yenye breki ya aina moja. Taka yenye breki mbili zisizotegemeana, ili moja ikishindwa nyingine ibaki. Na jifunze kusimama juu ya ubao ipasavyo: mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, magoti yamelegea. Unapobana breki, chuchumaa kidogo na urudishe makalio nyuma. Ukibaki umenyooka wima, breki kali ya mbele itakurusha kama lile shimo.

Kuhusu kuonekana, baiskeli inashinda, ingawa si kwa mbali. Mwendesha baiskeli anaweza kuachia mkono mmoja na kuonyesha anakoelekea. Kwenye skuta, usukani ni mfupi na mwepesi, na ukiachia mkono mmoja chombo kinayumba. Kwa hiyo skuta yenye taa za kuonyesha uelekeo kwenye ncha za usukani ina thamani kubwa kuliko ile yenye mwendo wa ziada. Lipo na jambo lingine ambalo wauzaji hawalitaji: mtu juu ya skuta anaonekana kwa mbali kama mtu aliyesimama. Dereva akimtupia jicho mara moja anaweza kumhesabu kuwa mtembea kwa miguu, kumbe anamjia kwa mita 7 kila sekunde. Ukiwa kwenye skuta, usiingie makutano ukitegemea kwamba umehesabiwa. Subiri macho yenu yakutane.

Asubuhi na jioni za msimu huu jua huwa chini na kali, na hapa pana kipimo kimoja ninachowasihi wote wakikumbuke, wa baiskeli na wa skuta. Tazama kivuli chako. Upande kinakolalia ndiko aliko dereva anayepigwa na jua machoni akikutazama. Kikiwa nyuma yako, jihadhari na anayekufuata. Kikiwa mbele, jihadhari na anayekuja, hasa yule anayetaka kukata kona mbele yako. Kivuli kikiwa kirefu kuliko wewe, washa taa hata kama kungali mchana.

Joto lenyewe

Anayekanyaga baiskeli anazalisha joto mwilini, lakini pia upepo wa mwendo unamkausha jasho na kumpoza. Kosa hutokea anaposimama: upepo unakatika, joto linabaki, na ndipo kizunguzungu huanza. Tafuta kivuli kabla ya kusimama, siyo baada.

Wa skuta ya umeme ana hatari ya kimyakimya. Hatumii nguvu, haoni jasho, basi hakumbuki maji. Lakini jua ni lile lile, na lami iliyoshika moto mchana kutwa inamrudishia joto kutoka chini. Baiskeli ina mahali pa chupa kwenye fremu, mkono wa mtu unaifikia. Skuta nyingi hazina, kwa hiyo watu huning'iniza mfuko kwenye usukani. Tafadhali usifanye hivyo. Uzito wa chupa mbili upande mmoja unatosha kuuvuta usukani mwepesi namna ile, na mfuko unaobembea unaweza kuingia kwenye gurudumu la mbele. Beba mgongoni. Kunywa mafunda kadhaa kila baada ya dakika 15 au 20, bila kungoja kiu, na kwa mtoto usiulize kama ana kiu, mpe chupa.

Kichwa kikianza kuuma, kichefuchefu kikaja, miguu ikalegea au misuli ikakakamaa, safari imekwisha: kivulini, maji, pumzika, mlegezee nguo. Lakini mtu akianza kuzungumza mambo yasiyoeleweka, akayumba au akazimia, hilo ni shambulio la joto, na joto la mwili wake huenda limepita nyuzi 40. Piga simu ya dharura, na wakati huohuo anza kumpoza: mmwagie maji mwili mzima, mpepee, mwekee barafu au vitambaa baridi shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asiyejitambua usimnyweshe kitu.

Mavazi nitayapita haraka. Nguo nyepesi zenye mikono mirefu, rangi ya kung'aa, na viatu vya kufunika vidole. Ndala ni hatari kwa wote: kwenye skuta mguu unateleza juu ya ubao, kwenye baiskeli vidole viko jirani na cheni na spoki. Nguo ndefu na pana ifungwe au ikunjwe kabla ya kupanda baiskeli.

Jambo moja ambalo kiangazi hulificha ni mvua ya kwanza. Barabara ikikaa wiki nyingi bila kuoshwa hukusanya vumbi, mafuta ya magari na chembe za matairi. Matone ya mwanzo yakizilowesha, huwa utelezi mtupu, hasa juu ya mistari ya rangi na mifuniko ya chuma. Baiskeli ipunguze mwendo na isiinamie kona. Skuta, kwa maoni yangu, iteremkwe na kusukumwa kwa miguu mpaka mvua ya kweli iishe, na yenye magurudumu magumu yasiyo na upepo isitoke kabisa.

Betri ndani ya nyumba

Hapa tofauti ni ndogo lakini ina uzito. Betri ya baiskeli ya umeme mara nyingi hutoka, unaiacha baiskeli nje na kuingiza betri peke yake. Betri ya skuta nyingi imefungiwa ndani ya ubao, hivyo chombo chote kinaingia ndani, na mahali rahisi pa kukiegesha ni karibu na mlango. Hapo ndipo pasipofaa. Betri ya lithiamu ikishika moto huwaka kwa ghafla na kwa ukali, na ikiwa kwenye njia ya kutokea mtakosa pa kupita.

Betri nyingi za aina hii hazipaswi kuchajiwa joto likipita nyuzi 45, kiwango ambacho gari lililofungwa juani hukivuka kwa urahisi. Ukitoka safarini, iache ipoe kivulini kwanza. Tumia chaja iliyokuja nayo. Chaji mkiwa macho, siyo mmelala. Ikivimba, ikitoa harufu ya ajabu au ikaanza kutoa sauti kama ya upepo unaovuja, ondokeni na mwite zimamoto. Ubao wa skuta ukipigwa kwa nguvu kwenye ukingo au ukazama kwenye dimbwi, peleka ikakaguliwe hata kama bado inatembea, maana betri iko sentimeta chache tu kutoka ardhini.

Kwa baiskeli ya kukanyaga tu na skuta ya kusukuma, sehemu hii yote haiwahusu, na hiyo ni sababu nzuri ya kuzifikiria.

Helmeti: hapa hakuna cha kuchagua

Vyombo vyote vinne vinahitaji helmeti, kila safari, hata ya dukani. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliokusanya tafiti 40 na zaidi ya waendesha baiskeli 64,000 walioumia ulionyesha kwamba kuvaa helmeti kunaambatana na upungufu wa asilimia 69 wa majeraha makubwa ya kichwa. Upande wa skuta, madaktari wa Los Angeles waliwachunguza watu 249 waliofika hospitali mbili kati ya mwaka 2017 na 2018 kwa ajali za skuta za umeme. Asilimia 40 hivi walikuwa wameumia kichwa. Kati ya waliokuwa wakiendesha, waliorekodiwa kuwa na helmeti walikuwa asilimia 4.4 tu.

Tafuta alama ya kiwango ndani yake: EN 1078 ni ya Ulaya, CPSC ni ya Marekani. Kisha ivae mbele ya kioo. Ukingo wa mbele ukae vidole viwili juu ya nyusi, paji la uso likingwe. Mikanda miwili ya kila upande ikutane chini kidogo ya sikio, ikilizunguka mbele na nyuma. Funga kidevuni, kisha upige mwayo mkubwa: ikiwa sawa, utahisi helmeti inavutwa chini kichwani. Tikisa kichwa, isihame. Wengi huivaa ikiwa imeegemea nyuma ili kupata upepo, na wakianguka kifudifudi inakuwa haikingi kitu. Kwa skuta ya umeme, kwa jinsi uso unavyotangulia, ile yenye kinga ya kidevu inastahili kufikiriwa ingawa ina joto zaidi. Kwa joto chagua yenye matundu mengi na rangi nyeupe au nyepesi, usiivue.

Ikishapigwa katika ajali, povu lake la ndani limekwisha kubonyea hata kama nje haionyeshi. Nunua nyingine. Na mtoto akishuka kwenda kucheza bembea au kupanda mti, mvue helmeti kwanza, mikanda inaweza kunasa na kumkaba.

Kwa mtoto

Mtoto mdogo anayeanza, mpe baiskeli isiyo na pedali au skuta ya kusukuma, uani au mahali pasipopita magari. Vyote viwili vinamfundisha kujisawazisha huku miguu iko karibu na ardhi. Aliye chini ya miaka 8 asiendeshe skuta bila mtu mzima karibu yake, siyo mtu mzima aliyeko dirishani. Skuta ya umeme, Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinashauri aliye chini ya miaka 16 asiipande kabisa. Sheria za nchi kadhaa zinaruhusu kuanzia 14, ila mimi niko upande wa madaktari.

Baiskeli ya mtoto inunuliwe ya kimo chake cha leo. Asimame juu ya fremu nyayo zote mbili zikiwa chini, na breki azifikie na kuzibana kwa vidole vyake mwenyewe. Ile ya "atakua nayo" ndiyo inayomwangusha, kwa sababu anakosa pa kuweka mguu pale hasa anapouhitaji.

Kama unataka kumbeba mtoto, uamuzi ni mmoja tu. Baiskeli inaweza kufungwa kiti cha mtoto kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Skuta ni ya mtu mmoja. Mtoto aliyesimama mbele yako kwenye skuta amekaa kati ya kifua chako na usukani, na ukisimama ghafla uzito wako wote unamwangukia.

Ukishaamua

Ukichukua baiskeli iliyokaa muda mrefu, bonyeza tairi kwa dole gumba, bana breki moja moja ukiisukuma, zungusha pedali utazame cheni, kisha iinue kidogo na uiangushe usikilize kama kuna kinachogongana. Dakika mbili zinatosha.

Ukichukua skuta, hasa ile ya kukodi, ongeza ukaguzi wa kifungo kinachoshikilia bomba la usukani, maana hukunjwa mara nyingi na huchoka. Uvute na kuusukuma usukani, uhakikishe hauchezi. Halafu usiondoke nayo. Kumbuka ile theluthi ya Austin walioumia safari ya kwanza. Tafuta eneo tupu, weka mwendo wa chini kabisa kama kuna kitufe chake, na ufanye mazoezi ya kubana breki mpaka usimame bila kuyumba, ya kukata kona kushoto na kulia, na ya kutazama nyuma ya bega bila usukani kufuata shingo. Hilo la mwisho likikushinda, bado hujawa tayari kuchangia barabara na magari, na skuta ya kukodi unaweza kuirudisha siku hiyohiyo.